Kabureta inavuja, bosi ananyamaza, na raia ndio wanalipa

BUNIA, ITURI – Kwenye parkingi nyingi za wamotari mjini Bunia, harufu ya esanse inamfikia abiria kabla hajapatana bei. Chini ya pikipiki moja au mbili udongo umelowa na kuwa mweusi. Tone linaanguka kutoka kwenye kabureta, lingine linafuata. Abiria akiuliza, anajibiwa kwa kicheko: "Ni kidogo tu, mama. Pikipiki ya kazi lazima ivuje."

Jibu hilo limerudiwa mara nyingi mpaka limekuwa kama sheria. Wamotari wanalisema, mafundi wanalikubali, na mabosi wenye pikipiki wanalipenda kwa sababu haliwaombi hata franka moja. Lakini ni uongo. Kabureta nzima haivuji, iwe ya pikipiki mpya au ya ile iliyokula miaka kumi ndani ya matope. Inayovuja ina ugonjwa unaojulikana, dawa yake inajulikana, na mara nyingi dawa hiyo ni kazi ya saa moja. Anayeiacha ivuje ameamua hivyo. Na gharama ya uamuzi wake haimwangukii yeye peke yake. Inamwangukia abiria, mgonjwa anayekimbizwa hospitali, na familia ya wahami inayolala hatua mbili kutoka pale pikipiki inapolala.

Chombo kinachobeba jimbo

Kutoka Bunia kwenda Mahagi kwa barabara ya taifa namba 27, kutoka Bunia kwenda Komanda, kushuka Kasenyi kwenye ziwa Albert, kupanda Mongbwalu kwenye dhahabu: kote huko pikipiki ndiyo basi, ndiyo lori, ndiyo ambulansi. Mvua ikinyesha na malori yakazama, pikipiki inatafuta njia pembeni na kupita. Mama mwenye uchungu wa kuzaa anafika maternite akiwa ameshikiliwa katikati, motari mbele na shangazi nyuma. Muuguzi anapeleka chanjo kijijini kwa pikipiki. Siku ya kukimbia, godoro, sufuria na watoto wawili vinafungwa juu ya pikipiki moja. Umoja wa Mataifa umehesabu katika miaka hii wahami zaidi ya milioni moja ndani ya Ituri, na hakuna kambi ambamo pikipiki haiingii na kutoka kila siku.

Pikipiki hizo, TVS na Bajaj za wamotari, Yamaha AG 100 na DT 125 za vituo vya afya na za mashirika, nyingi bado zinakula esanse kupitia kabureta. Kwa hiyo kabureta si habari ya fundi peke yake. Ni habari ya kila mtu anayepanda, na ya kila mtu anayelala karibu nayo.

Kinachovuja ni nini

Wengi wanaogopa kabureta kwa sababu hawajawahi kuiona ikifunguliwa. Kazi yake haina siri. Esanse inashuka kutoka kwenye tangi kwa uzito wake, inapita kwenye robine, inafuata kimpira mpaka kwenye kabureta. Chini ya kabureta kuna kikombe kidogo, kile ambacho mafundi wanakiita kuve. Ndani ya kuve kunaelea kitu chepesi, cha plastiki au cha shaba, kinachoitwa floteri. Esanse ikipanda, floteri inapanda nayo na kusukuma sindano ndogo, puanto, ambayo inaziba tundu la kuingilia. Injini ikinywa, esanse inashuka, floteri inashuka, sindano inaachia, na esanse nyingine inaingia. Ni kazi ileile ya boya ndani ya tangi la maji: tangi likijaa, boya linafunga bomba.

Sindano ikishindwa kuziba, esanse inaendelea kuingia. Watu waliotengeneza kabureta walijua siku hiyo itafika. Waliweka mrija wa kumwaga ziada chini ya pikipiki ili isiingie yote ndani ya injini. Tone ambalo motari analiona chini ni ile ziada. Pikipiki yenyewe inatoa taarifa kwamba mlango wake haufungi, na mwenyewe anaisikia kama vile anasikia jogoo wa jirani.

Sababu ni chache, na fundi anaweza kuzihesabu kwa vidole. Kwanza, punje ya mchanga au kutu imekaa kati ya sindano na tundu lake. Pili, ncha ya sindano imekwisha na kuchongeka alama ya pete. Tatu, floteri imetoboka na kunywa esanse, kwa hiyo inazama badala ya kuelea, au kiulimi chake cha chuma kimepinda. Nne, mpira unaozunguka kuve umekakamaa, au visi ya kumwagia iliyo chini ya kuve haikukazwa, au kimpira cha esanse kimepasuka pale kinapoingia. Zaidi ya hapo ni kuve yenyewe kupasuka, jambo ambalo si la kila siku. Hakuna uchawi hapo, na hakuna kitu kinachohitaji fundi kutoka Kampala.

"Ni kidogo tu"

Anayesema ni kidogo apime. Aweke chupa chini ya mrija, pikipiki ikiwa imezimwa na robine ikiwa wazi, nje na mbali na moto wowote. Baada ya saa moja aangalie. Akikuta nusu desilita, ambayo kwa macho ni kitu kidogo sana, basi kwa usiku wa saa 10 nusu lita imeingia udongoni bila gurudumu kuzunguka hata mara moja. Kwa siku 30 ni lita 15. Hiyo ni zaidi ya tangi zima la pikipiki nyingi zinazofanya kazi hapa mjini. Esanse ya Ituri inatoka mashariki kwa barabara ndefu ya kupitia Uganda, na kila anayeishika njiani anaongeza bei yake. Kuimwaga ardhini ni kumwaga jasho la watu.

Hiyo ni pikipiki iliyosimama. Ile inayotembea na kabureta iliyojaa kupita kiasi inakunywa zaidi ya haja yake. Moshi unakuwa mweusi, buji inajaa masizi, injini inakohoa kwenye mlima, na asubuhi motari anapiga kiki mpaka jasho linamtoka. Mwisho wa siku hesabu haitoshi. Nani anaziba pengo? Abiria anaambiwa bei ya mwendo imepanda kwa sababu "mafuta yamepanda". Mama anayetoka kambini na debe la mihogo kwenda sokoni analipa esanse ambayo haikumsogeza popote.

Halafu kuna hasara ambayo haionekani chini. Baadhi ya watu wakichoka na tone wanachomeka kijiti ndani ya mrija, au wanaukunja na kuufunga kwa waya. Tone linapotea, wanapeana mikono. Lakini esanse haijapotea, imenyimwa njia ya kutokea. Sasa inapanda na kuingia kwenye injini, inapita pembeni ya pistoni na kuchanganyika na oili. Oili inakuwa nyepesi kama maji na vyuma vinaanza kusagana. Motari akichomoa kijiti cha kupimia oili, anakuta imeongezeka na inanuka esanse, na wapo wanaofurahi kwamba pikipiki yao "haili oili". Kwenye DT 125 na AG 100, ambazo oili yake inachanganyika na esanse na kuungua pamoja nayo, esanse hiyo inajikusanya tumboni mwa injini na kuizamisha. Kwa kukwepa bei ya sindano, mtu ananunua injini.

Moto hauulizi mwenyewe ni nani

Katika Kiswahili cha hapa neno ni moja: moto ni chombo cha kupanda, na moto ni kile kinachounguza. Kabureta inayovuja inaweza kuunganisha maana hizo mbili usiku mmoja.

Esanse haingoji kuguswa na kijinga ndipo iwake. Inatoa mvuke hata kwenye baridi ya usiku, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi kama moshi. Unatambaa chini, unapita chini ya mlango, unajikusanya kwenye shimo na chini ya kitanda. Ukikutana na kibiriti, sigara, cheche ya waya au mbabula yenye makala, unawaka na kurudi kwa kasi mpaka pale ulipotoka.

Congo ya mashariki haihitaji kufundishwa jambo hili. Tarehe 2 mwezi wa 7 mwaka 2010, huko Sange, katika eneo la Uvira, Kivu ya Kusini, lori la mafuta lilipinduka, mafuta yakamwagika na kuwaka. Zaidi ya watu 200 walikufa. Miongoni mwao walikuwemo waliokuwa wamekaa ndani wakitazama mpira wa Kombe la Dunia, watu ambao hawakuwa na shughuli yoyote na lile lori. Lori lilikuwa na maelfu ya lita na kabureta ina kikombe kidogo, ni kweli. Lakini kibanda cha mhami nacho ni kidogo. Kimejengwa kwa miti, majani na bashi, kimepakana na kingine kwa hatua moja, na mlangoni pake ndipo chakula kinapikwa. Moto ukishika bashi moja, upepo ndio unaochagua ya pili.

Katika kambi na hata kwenye familia zinazopokea wahami, pikipiki mara nyingi inaingizwa ndani usiku. Watu wanaogopa wezi, na woga huo una sababu zake: pikipiki ndiyo mali ya mwisho iliyobaki. Hakuna haki ya kumlaumu mtu kwa kulinda mkate wake. Lakini pikipiki inayovuja haina haki ya kulala chini ya paa moja na watoto. Mwenye kuiingiza humo huku akijua inavuja, na mwenye kumkodisha huku akijua, wote wawili wameweka kiberiti karibu na godoro la mtoto. Ikilazimu ilale ndani, basi itengenezwe kwanza. Huo ndio utaratibu, na shefu wa kambi au wa kartiye anayekubali kinyume chake amekubali kwa niaba ya majirani ambao hawakuulizwa.

"Ni kosa la kadafi"

Utetezi wa pili wa wamotari una ukweli ndani yake. Wanasema esanse ya kadafi, wale wanaouza kwa chupa na bidoni kando ya barabara, ni chafu. Ni kweli kwamba bidoni inayofunguliwa na kufungwa kandokando ya vumbi inaingiza mchanga. Ni kweli kwamba maji yanaingia, mengine ya mvua na mengine ya mkono wa mtu. Ni kweli kwamba wapo wanaochanganya na petroli ya taa ili bidoni ijae haraka. Na ni kweli kwamba mahali ambapo hakuna stesheni, kadafi ndiye anayewezesha mgonjwa kufika hospitali. Anayetaka wafukuzwe wote aseme kwanza nani atauza esanse huko vijijini.

Lakini uchafu wa kadafi unaeleza jambo moja tu: kwa nini kabureta imechafuka. Hauelezi kwa nini imeachwa chafu miezi mitatu. Motari anayejua kwamba esanse ni chafu anapaswa kuwa wa kwanza kujilinda. Filtri ndogo ya kuweka kwenye kimpira ni kati ya vitu vya bei ya chini dukani. Kitambaa safi cha pamba juu ya faneli kinazuia mchanga. Maji ni mazito kuliko esanse, kwa hiyo yanakaa chini: bidoni ikitulia kabla ya kumiminwa, na ile sehemu ya mwisho ikabaki humo, maji mengi yanabaki nayo. Visi iliyo chini ya kuve iliwekwa ili kumwaga takataka, na kuifungua mara moja kwa juma ni kazi ya dakika mbili. Wangapi wanaifungua? Pikipiki nyingi visi hiyo imeota kutu kwa kukosa kuguswa.

Mashirika ya wamotari, ambayo yanajua kukusanya mchango wa kila mwanachama, yangeweza pia kumwambia kadafi wa parkingi yao: bidoni zifunikwe, na akikamatwa anachanganya, hakuna mwanachama atakayenunua kwake. Hiyo ni nguvu waliyonayo tayari. Hawajaitumia.

Fundi wa haraka na fundi wa kweli

Fundi wa haraka anatambulika kwa mkono wake. Anafika, anagonga kabureta kwa ufunguo mzito. Anazungusha visi ya hewa nusu mzunguko, kisha nyingine nusu, kama mtu anayetafuta stesheni ya radio. Visi hizo zinapanga mwendo wa injini na mchanganyiko wa hewa. Hazina mkono wowote kwenye sindano inayovuja, na zikichezewa hovyo zinaongeza ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza. Anapaka sabuni au gundi pembeni ya kuve. Sabuni ya kipande inaweza kuziba tundu la tangi ili motari afike nyumbani, na wengi njiani imewaokoa. Kwenye kabureta inavunjika vipande na kwenda kuziba jikleri. Mwisho anachukua pesa na kusema, "Ikianza tena, rudi." Na itaanza tena.

Fundi wa kweli anaanza kwa kufunga robine na kuacha injini ipoe. Anasogeza pikipiki mbali na jiko na sigara, na hakuna anayevuta karibu yake, awe bosi au mteja. Anafuta kabureta kwa nje, kwa sababu uchafu wa nje ukiingia ndani kazi inaanza upya. Kisha anafungua robine kidogo na kutazama esanse inatokea wapi. Ikitoka kwenye mrija, shida iko kwa sindano au floteri. Ikilowesha mstari wa kuve, shida ni mpira wa kuzibia. Ikitoka kwenye visi ya chini, visi hiyo ndiyo ya kutazamwa. Fundi asiyetazama kwanza anafungua kila kitu na kupoteza nusu yake.

Baada ya kufunga robine tena, anamwaga esanse ya kuve ndani ya kopo safi na kuitazama. Matone yanayobingirika chini kama shanga ni maji. Vumbi jekundu ni la barabara, na magamba ya kahawia ni kutu ya tangi. Kopo hilo linamwambia ugonjwa ulitoka wapi. Anatoa kuve, anachomoa kipini cha floteri taratibu, na sindano inatoka nayo. Anaitazama ncha kwenye mwanga. Ikiwa laini, anaisafisha na kuirudisha. Ikiwa na alama ya pete, anaitupa. Haichongi kwa kisu, haisugui kwa msasa. Tundu ambamo sindano inakaa analisafisha kwa kitambaa laini kilicholowa esanse, si kwa msumari, kwa sababu mkwaruzo mmoja ndani ya tundu hilo unaleta uvujaji ambao sindano mpya haitauponyesha.

Floteri anaitikisa karibu na sikio. Ikisikika maji ndani, imetoboka. Akiwa na shaka anaikausha na kuizamisha kwenye maji ya moto yaliyoepuliwa jikoni, mbali na esanse: mapovu yakitoka, tundu limejionyesha. Floteri ya shaba inaweza kuchomelewa na mkono mwepesi baada ya kukauka kabisa ndani na nje. Ya plastiki inabadilishwa.

Anaporudisha, anafanya jaribio ambalo halihitaji chombo chochote. Anaigeuza kabureta juu chini ili floteri ilalie sindano, anaweka kimpira safi kwenye mlango wa esanse na kupuliza. Anapuliza, havuti, maana esanse tumboni na kifuani ni sumu. Hewa ikipita, bado haijapona. Hewa ikikataa, mlango umefunga. Anairudisha kabureta mahali pake, anafungua robine, anaweka karatasi kavu chini, anangoja dakika kumi kabla ya kuwasha. Karatasi ikibaki kavu, hapo ndipo anapodai malipo yake, na anastahili kulipwa vizuri kuliko yule wa nyundo.

Njiani, mbali na garaji, kuna msaada mmoja tu unaokubalika: kugonga pembeni ya kuve kwa mpini wa turnavisi, kidogo kidogo, na kumwaga kuve mara moja. Mara nyingine punje inaachia na sindano inakaa. Huo ni msaada wa kufika, kama bendeji. Akifika, afungue.

Bosi yuko wapi?

Sehemu kubwa ya lawama inawaangukia wamotari kwa sababu wao ndio wanaoonekana. Lakini wengi wao si wenye pikipiki. Wanamfanyia kazi bosi, na kila jioni wanampelekea hesabu iliyopangwa, mvua au jua, barieri nyingi au chache. Pikipiki ikilala garaji asubuhi moja, bosi hapunguzi hesabu. Motari akisema sindano imekwisha, anaambiwa hiyo ni "panne ndogo", ajitegemee. Basi anajitegemea kwa kijiti na waya, kwa sababu kijiti ni cha bure na hesabu ya jioni haina huruma.

Bosi huyo huyo injini ikifa analalamika kwamba vijana wa siku hizi hawajui kutunza mali ya mtu. Mali hiyo ameitunza yeye kwa kiasi gani? Sindano na mpira wa kuve vinapatikana kwenye duka lolote la vipuri mjini, na bei yake haifikii hata karibu na ile ya pistoni na silinda. Anayepokea faida ya pikipiki kila siku ndiye anayepaswa kuilipia uzima wake. Mapatano kati ya bosi na motari, hata yale ya mdomo, yaseme wazi: kabureta inafunguliwa na kusafishwa kwa wakati uliopangwa, vipuri ni vya bosi, na siku ya garaji hesabu inapungua. Bosi anayekataa asishangae motari wake akitafuta mwingine.

Pikipiki za afya nazo zinavuja

Wafadhili wanajua kutoa pikipiki. Kuna sherehe, kuna picha, kuna jina la mradi limebandikwa kwenye tangi. Baada ya mwaka mmoja pikipiki ileile imeegemea ukuta wa kituo cha afya, kuve imekauka na kuacha utando wa kijani ndani, na muuguzi anatembea kwa miguu au anapanda motari kwa pesa yake. Iliyoiangusha si vita kila mara. Mara nyingine ni sindano ya kabureta ambayo hakuna aliyeiandika kwenye bajeti.

Kutoa pikipiki bila sindano, bila mpira wa kuve, bila filtri na bila siku mbili za kumfundisha mtu wa pale namna ya kuifungua, ni kutoa nusu ya zawadi. Ndani ya kambi kuna vijana waliokuwa mafundi huko walikokimbia, na mikono yao imekaa bure. Shirika linaloweza kununua pikipiki linaweza kumlipa kijana mmoja kutoka miongoni mwa wahami azitunze. Kabla ya kununua nyingine mpya, liulize zile za kwanza zimelala wapi na kwa nini.

Yanayodaiwa

Madai si makubwa, na hakuna hata moja linalongoja Kinshasa. Kila motari afunge robine kila anaposimama, hata kabureta yake ikiwa nzima, kwa sababu robine iliyofungwa inamlinda siku sindano itakapomgeuka. Kila parkingi iwe na utaratibu wa kukagua: pikipiki inayodondosha isibebe abiria siku hiyo mpaka itengenezwe. Kila bosi alipe vipuri vya kabureta bila kumkata motari. Kila kambi ichague mahali pa kulaza pikipiki pamoja, mbali na majiko, chini ya ulinzi wa zamu ya vijana wenyewe, ili hofu ya wezi isiwe sababu ya kulala na esanse. Na kila mradi unaotoa pikipiki utoe vipuri vyake.

Abiria naye ana sauti. Akinusa esanse na kuona udongo umelowa, achague pikipiki nyingine na amwambie motari kwa nini. Mmoja akifanya hivyo atachekwa. Parkingi nzima ikipoteza wateja asubuhi moja, jioni hiyo mabosi watapigiwa simu, na kesho yake maduka ya vipuri yatauza sindano.